Jinsi ya kumtembeza mgonjwa aliye kwenye kemo: daftari la kocha wa Pasua

Nimefundisha mbio vijana wa sekondari hapa Moshi kwa miaka 16, na jambo la kwanza ninalomfundisha kijana ni kuongeza: wiki hii kilomita 5, wiki ijayo 6. Mama alipopasuliwa titi na kuanzishiwa dripu za kemo, yaani dawa za saratani, nilichukua daftari lilelile nikamwandikia ratiba ya namna hiyo. Siku ya 10 baada ya dripu ya kwanza nikamtoa nyumbani Pasua, tukaanza kupanda kuelekea mjini. Hatukufika mbali. Alinishika mkono, midomo imempauka, akasema, "Baba, hebu tusimame. Naona giza." Tulirudi kwa bajaji. Kosa lilikuwa langu, na ninaandika haya ili wewe unayeuguza usilirudie.

Dawa za kemo huwinda chembe hai (seli) zinazogawanyika haraka. Saratani ina chembe za namna hiyo, lakini hata uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, unazo. Kwa hiyo damu hupungua. Mkimbiaji anategemea hemoglobini iliyo kwenye damu ibebe oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye misuli ya mapaja. Ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka kufidia. Mama alikuwa anatembea mwendo wa kwenda dukani, huku moyo wake ukifanya kazi ya mtu anayekimbia mlimani.

Baada ya siku ile mama mdogo alikuja akasema mgonjwa alale, tusimtese. Namheshimu, lakini kulala nako kuna gharama yake. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya, wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ikaonekana zile wiki 3 za kitanda ziliwaangusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Sasa fikiria mama wa miaka 61 mwenye kichefuchefu.

Kwa hiyo mtembeze, ila usiandike ratiba kabla ya kuzungumza na daktari. Mimi niliingia na maswali yangu kwenye karatasi: damu yake ni ngapi leo? Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinatosha? Kati ya dawa zake ipo inayochosha moyo? Ile nyekundu, doksorubisini, inaweza kuudhoofisha, na mgonjwa wa namna hiyo haongezewi mwendo bila moyo kupimwa. Kuna mfupa ulioguswa na saratani? Kama upo, hakuna kuruka, hakuna kujipinda kwa nguvu, na mzigo wowote unasubiri ruhusa.

Halafu chora kalenda ya dripu. Ya Mama ilikuwa kila baada ya siku 21. Siku 3 za kwanza anazunguka uani tu, dakika 5 asubuhi, 5 jioni. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, huwa chini kabisa kwa wengi. Hapo tunatembea karibu na nyumbani, mbali na stendi na masoko, tena taratibu. Kuanzia siku ya 15 anapanda: dakika 10, 15, 20. Dripu inayofuata ikifika tunashuka tena hadi chini. Hili lilinisumbua, maana kocha hapendi kurudi nyuma. Lakini mwili ulio kwenye kemo huenda kama wimbi, na dripu ya 4 ndiyo iliyonionyesha kwamba kilele cha kila wimbi kilikuwa kimezidi kidogo cha lililotangulia.

Kipimo cha mwendo ni maongezi. Ninamuuliza habari za shambani Kibosho. Akijibu sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Akijibu neno mojamoja, tunapunguza. Saa ya mapigo ya moyo niliiacha kabatini, kwa sababu upungufu wa damu na dawa huyapandisha mapigo hata akiwa ameketi. Na Moshi yetu ina mteremko, utumie: anza kwa kupanda angali na nguvu, ili uchovu ukimkuta muwe mnashuka.

Misuli nayo inahitaji sehemu yake. Mara 2 kwa wiki Mama anaketi kwenye kiti cha jikoni kilichoegemezwa ukutani, mikono kifuani, anasimama na kuketi mara 8. Anapumzika, anarudia. Kisha chupa za maji za nusu lita, moja kila mkono. Zamani waliopasuliwa titi walikatazwa kunyanyua chochote kwa mkono wa upande huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa uzito unaoongezwa polepole, kwa uangalizi, hauzidishi uvimbe wa mkono. Baada ya hapo anakunywa mtori wenye nyama, maana misuli haijengwi kwa chai kavu.

Vidole vya miguu vikianza kufa ganzi, ndala ziwekwe kando. Raba zilizofungwa vizuri, na njia isiyo na mawe.

Simamisheni kabisa akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, damu isiyokatika puani au kwenye fizi, au maumivu mapya ya mfupa. Na homa: ikifika nyuzi 38 msiende duka la dawa kununua dawa mseto mkidhani ni malaria. Nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na mtaje mapema kwamba yuko kwenye kemo.

Mama amebakiza dripu 2. Zikiisha, daktari akiridhia, tutapanda hadi dakika 30 mara 3 kwa wiki, kiwango ambacho jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikipendekeza mwaka 2019. Hatutaachia hapo. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliomaliza kemo: baada ya miaka 8, kati ya waliofanya mazoezi kwa usimamizi walikuwa hai 90 katika kila 100, na kati ya waliopewa vitabu vya ushauri tu, 83. Saratani yake si hiyo, lakini nilimsomea. Akasema yeye anataka afike soko la Mbuyuni kwa miguu na arudi na kikapu chake mwenyewe. Nimeshaiandika kwenye daftari, na tumeanza na kikapu kitupu.