Kujifunza kinanda kwa simu: njia ninayowapa wanafunzi wangu hapa Dodoma

Vijana wengi wanaonijia hapa Nkuhungu kutaka kujifunza kinanda huwa wameshaangalia video za kutosha. Nyingine wamezirudia mpaka maneno ya mwalimu wameyakariri. Ukimkalisha mmoja wao kwenye kinanda, vidole vinagoma. Sababu ninaijua, maana sehemu kubwa ya ninachopiga kanisani nimekipata mtandaoni: simu inakuonyesha, lakini haikusikii. Mwalimu aliyekaa ubavuni kwako angekushika mkono palepale ulipokosea. Video inakwenda zake. Hatua hizi zote nimezipanga kuziba pengo hilo.

Hatua ya 1: Kinanda, umeme na kiti

Kinanda cha batani 61 kinatosha kuanzia. Piano kamili ina 88, nawe hutazihitaji zote mwaka huu. Ukinunua cha mtumba, gonga batani moja taratibu kisha kwa nguvu. Sauti ikitoka ileile mara zote mbili, tafuta kingine, kwa sababu hicho hakitakufundisha mguso. Adapta usiazime ovyo: soma volti zilizoandikwa nyuma ya kinanda na mchoro wa chanya na hasi, kwani kila mtengenezaji ana vyake. Na kwa vumbi letu la Dodoma, ukimaliza tu, funika kwa khanga.

Kiti ndicho watu wanachokidharau. Miaka miwili ya mwanzo nilikalia kiti kifupi cha plastiki, viganja vikining'inia chini ya usawa wa batani. Kila baada ya mazoezi kifundo cha mkono wa kulia kiliuma, nikadhani ndiyo ugumu wa kinanda. Siku moja niliegemeza simu dirishani ikanirekodi kwa pembeni, ndipo nikaona mkono wangu umepinda kama ndoano. Niliongeza mto mgumu, kiwiko kikawa sawa na batani, na maumivu yakaisha ndani ya wiki chache. Jirekodi kwa pembeni siku ya kwanza kabisa.

Hatua ya 2: Mwalimu mmoja tu

Chagua mmoja YouTube na ukae naye miezi mitatu. Awe anaonyesha mikono kwa juu, anataja namba za vidole na anahesabu mapigo kwa sauti. Zile video za mistari ya rangi inayoshuka juu ya batani ziache kwa sasa. Zinakuambia ubonyeze wapi na lini, lakini hazikuambii kwa kidole kipi, wala kwa nini. Masomo yapakue kwa bando la usiku, ili mchana ufanye mazoezi bila kuwaza salio.

Hatua ya 3: Namba za vidole

Kwa mikono yote miwili, gumba ni 1 na kidole cha mwisho ni 5. Panda kutoka C (batani nyeupe iliyo kushoto mwa batani nyeusi mbili zilizokaa pamoja) hadi C ya juu kwa batani nyeupe. Mkono wa kulia: 1 2 3, gumba linapita chini ya kiganja, kisha 1 2 3 4 5. Wa kushoto: 5 4 3 2 1, kidole cha kati kinavuka juu ya gumba, kisha 3 2 1. Kosa la wengi ni kuinua kiwiko gumba linapopita. Weka sarafu mgongoni mwa kiganja, ikidondoka, umeinua.

Ukianzia F badala ya C, mkono wa kulia unabadilika: 1 2 3 4, halafu 1 2 3 4, kwa sababu kidole cha nne kinaangukia batani nyeusi ya B iliyoshushwa.

Hatua ya 4: Anzia kwenye nota unazozijua

Kama umeimba kwaya, d r m f s l t (Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Ti) unazisoma tayari. Huo ni mtaji ambao video za Kizungu hazina habari nao. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za Kikatoliki zilizoandikwa nota, nawe unapakua bure. Ukikuta Do ni G, jiulize Do, Re, Mi ni batani zipi: G, A, B. Kumbuka Mi na Fa zimekaribiana nusu sauti, yaani ni batani mbili zinazofuatana, na Ti na Do vilevile. Kwingine kote unaruka batani moja, ukihesabu na nyeusi. Ndiyo maana kwenye G unafika Ti kwa F iliyopandishwa.

Kitufe cha kuhamisha sauti (transpose) kinavutia, maana unapiga C maisha yako yote. Mimi nakukataza mwaka wa kwanza. Kinakunyima kuzijua batani nyeusi, na siku ukikalia piano ya kweli, hakipo.

Hatua ya 5: Kata vipande

Usijifunze wimbo mzima. Chukua vipimo vinne tu vya mapigo, basi. Punguza mwendo wa video hadi 0.5. Piga mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha yote miwili. Washa metronomu, yaani programu ya kugonga mapigo, kwenye simu kwa mapigo 60 kwa dakika. Ukipita mara tatu mfululizo bila kosa, ongeza 4. Ukikosea, rudi 4. Dakika 25 kila siku zinajenga kuliko saa tatu za Jumamosi.

Hatua ya 6: Sikiliza ulichopiga

Rekodi sauti tupu, usiisikilize papo hapo. Isikilize kesho asubuhi, ukigonga meza kufuata mapigo. Mimi mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia mazoezini, "Mwanangu, mbona hapo kwenye kiitikio unatukimbiza?" Nilibisha moyoni. Kwenye rekodi nikakuta kweli: kila penye kodi ngumu, yaani sauti tatu za pamoja, nilikuwa nawahi kuifikia ili niimalize.

Hatua ya 7: Kuitafuta Do

Kuna Jumapili kwaya itaanza bila kukusubiri. Shusha sauti ya kinanda, sikiliza mstari unapotulia, uvumishe kooni, kisha gusa batani moja. Ikiwa haijakaa, sogea nusu sauti juu au chini. Ukiipata, piga Do na Sol kwa mkono wa kushoto tu mpaka ubeti uishe.

Masikio hayo yafanyie mazoezi na muziki wa nyumbani pia. Keti na mpiga ilimba wa Chamwino, ile ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, jaribu kumfuata kwa kinanda. Utagundua sauti yake moja, ile iliyo karibu na Ti iliyoshushwa, iko chini kidogo ya batani yako nyeusi na hakuna batani inayoipata. Iimbe kwa mdomo, mikono ikiwa magotini.