Sumaku darasani bila kununua kitu

Jamani walimu wa la tatu na la nne, sumaku msifundishie ubaoni tu. Nenda kwa fundi redio muombe spika mbovu, ile duara nyeusi ya nyuma ndo sumaku yenyewe. Waambie watoto waje na vitu vya nyumbani, msumari, kizibo cha soda, waya wa shaba, kifungo, kipande cha sufuria, na KABLA hawajajaribu kila mmoja aseme kitanasa au hakinasi. Hapo kwenye sufuria ndo kelele zinaanza, maana wote wanajua chuma chochote kinanasa, kumbe ya alumini haishikwi kabisa, waache wabishane kwanza usiwakimbilie na jibu.

Halafu chukua sindano, isugue kwenye sumaku kuelekea upande mmoja tu, usirudi rudi, kama mara 40 hivi, ilaze juu ya jani dogo kavu linaloelea kwenye beseni la maji. Itazunguka taratibu hadi ilale kaskazini kusini, izungushe na kidole itarudi tena. Beseni liwe mbali na ile spika lakini, mi nilisahau siku moja kaskazini yetu ikawa mezani kwangu.

Sindano uzihesabu mwishoni.