Somo: Kumlea mtoto wa mbwa atakayemwongoza asiyeona

Mbwa wa kumwongoza mtu asiyeona haanzi kufunzwa kazi hiyo akiwa mchanga. Katika vituo vya siku nyingi kama The Seeing Eye cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1929, mtoto wa mbwa hupelekwa kwa familia iliyojitolea akiwa na umri wa wiki 8 hivi, hulelewa humo hadi apite mwaka mmoja, kisha hurudishwa kufunzwa na wataalamu. Kwa hiyo wewe mlezi hutakiwi kumfundisha kuvuka barabara. Unatakiwa kumrudisha akiwa mbwa asiyebabaishwa na makelele wala umati wa watu. Nimemlea mmoja hapa Kisumu, na nitaeleza nilivyofanya.

Hatua ya kwanza ni kukubaliana nyumbani kuhusu maneno. Mtoto wa mbwa anayeambiwa "keti" na mama, "kaa chini" na watoto, na "bed piny" ("keti chini" kwa Kijaluo) na nyanya, hatashika hata moja.

Hatua ya pili ni chanjo, na hapa ndipo pagumu. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa hudungwa afikishapo miezi 3. Lakini kipindi ambacho huzoea mambo mapya kwa wepesi hupita kufikia wiki ya 14 hivi, yaani wakati bado hapaswi kukanyaga mahali walipopita mbwa wasiochanjwa. Mimi nilitumia kikapu. Kila Jumamosi nilimbeba hadi soko la Kibuye, tukasimama mbali na mabanda ya mafundi wa jua kali yanakogongwa mabati. Siku ya kwanza alitetemeka, masikio yamelala kichwani, akahema kwa nguvu ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Nikarudi nyuma kidogo kidogo hadi alipokubali kula kipande cha ini mkononi mwangu. Mpaka wenyewe ndio huo: akikataa kitu anachokipenda, umemsogeza karibu mno. Juma la nne alisinzia kikapuni huku nyundo zikilia.

Hatua ya tatu ni haja. Mtoe nje kila aamkapo na kila amalizapo kula au kucheza, mpeleke mahali pale pale, tamka neno moja lile lile anapojisaidia, kisha umsifu papo hapo. Neno hilo lina uzito, kwa kuwa baadaye asiyeona atalitumia ili ajue mbwa wake anajisaidia wapi na saa ngapi. Kumsugua pua kwenye mkojo kutamfunza kujificha tu.

Mwisho, mshike nyayo, masikio na kinywa kila siku, ukimtoa kupe, ili daktari wa mifugo asipate taabu naye.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, naweza kumpa mabaki ya samaki?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali, na kituo ndicho kinachopanga chakula chake. Isitoshe, mbwa aliyezoea kuokota atamvuta asiyeona kando ya njia. Penye vibanda vya samaki vya ufuo wa Dunga hapa Kisumu, nilimlipa ini kila alipoupita mfupa bila kuuinamia.

Mwanachama wa Nakuru: Majirani zangu ni Waislamu na tunatumia ua mmoja. Nifanyeje?
Jibu: Zungumza nao kabla ya kumpokea, dada. Wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, hivyo mfunge kamba kila mpitapo uani, na umweke mbali na nguo zilizoanikwa na mahali pa kutawadhia. Heshima hiyo ni sehemu ya malezi yake, maana atakutana na watu kama hao maisha yake yote.

Mwanachama wa Bungoma: Asipofuzu je?
Jibu: Si wote wanaofuzu, wengine huondolewa kwa maradhi ya nyonga au kwa woga. Vituo vingi humwuliza mlezi kwanza kama angependa kubaki naye. Ulizeni jambo hilo kabla ya kutia saini, na watoto wawepo wasikie.