Kukarabati shule na kuongeza madarasa, anzeni na nyufa

Jamani msikimbilie rangi! Shule zetu nyingi za msingi hapa Tanzania majengo yamechoka, kwahiyo kabla hamjanunua hata bati moja mwiteni injinia wa halmashauri aje akague nyufa, ule wa kwenye plasta tu sio ishu unazibwa, ila ule wa mshazari unaokata tofali toka kona ya dirisha kwenda chini mara nyingi msingi umetitia, hapo mkipiga plasta juu utarudi tu na hela imeenda. Darasa jipya msilifunge moja kwa moja na ukuta wa zamani, acheni upenyo mdogo katikati maana jipya litatitia kivyake. Zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, limwagiliwe maji siku 7 angalau, mafundi wengi wanaruka hii na inaniuma sana kwa sababu chini yake wanakaa watoto. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilizoliwa na mchwa toeni. Vyoo navyo hesabuni upya, tundu 1 kwa wasichana 20, 1 kwa wavulana 25. Kazi kubwa wekeni likizo ya Juni, mvua za masika zimeisha na madarasa yako wazi.