Somo: Jiji linapoikataa hoteli bila kusema "hapana"

Wanachama wenzangu, wengi wenu mnaikumbuka Econo Lodge, ile hoteli ya mji wa Kent, kusini mwa Seattle. Machi 2020 Kaunti ya King, yenye Seattle na miji jirani kama Kent na Renton, iliinunua kwa dola milioni 4 ili wagonjwa wa korona wapate mahali pa kujitenga. Jiji la Kent likakimbilia mahakamani kuomba zuio, na halikupewa. Miaka minne baadaye, Juni 2024, waomba hifadhi kutoka Kongo, Angola na Venezuela walipiga mahema kwenye uwanja ulio ubavuni mwa hoteli hiyohiyo. Vyumba vilikuwa vitupu, nao wakaomba wafunguliwe. Hawakufunguliwa.

Tangu wakati huo, kila tukikutana msibani au harusini naulizwa swali lilelile: jiji lina nguvu gani hasa ya kuzuia hoteli isigeuzwe kuwa makazi ya wasio na nyumba? Nimejibu vipande vipande vya kutosha, leo naweka yote mahali pamoja. Mimi si wakili. Nimehudhuria tu vikao vingi vya baraza la jiji kuliko mke wangu anavyopenda. Ninayoyaandika ni ya jimbo la Washington. Mlioko Texas au Ohio, sheria zenu ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua kinacholetwa ni kitu gani

Watu wetu huita kila kitu "shelta", na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Shelta ni mahali pa dharura: unapewa kitanda leo, kesho hujui. Nyumba ya kudumu yenye huduma ni kitu kingine. Mpangaji ana mkataba, ana ufunguo wake, kwa kawaida analipa kodi kama asilimia 30 ya kipato chake, na ndani ya jengo kuna wafanyakazi wa kumsaidia kufuata dawa, vitambulisho, miadi ya hospitali. Wengi wao ni watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu waliokaa barabarani miaka.

Kwa nini hoteli? Kwa sababu chumba kipo tayari na choo chake. Ndiyo maana kaunti ilipoanza mpango wake wa kununua hoteli mwaka 2021, uitwao Health Through Housing, ilizichukua pia Extended Stay America za Renton na Federal Way: hoteli za aina ile zina jiko dogo chumbani.

Hatua ya 2: Soma sheria, usiishie sentensi ya kwanza

Hapa kaeni nami kidogo, ndiyo roho ya somo.

Kabla ya 2021 jiji liliweza kuandika tu katika kanuni zake za matumizi ya ardhi kwamba makazi ya aina hii hayaruhusiwi katika ukanda fulani, mambo yakaisha. Mfano ni Renton. Aprili 2020 DESC, shirika la Seattle linalohudumia wasio na nyumba, lilihamisha watu zaidi ya 200 kutoka kwenye shelta iliyosongamana katikati ya Seattle na kuwaweka katika hoteli ya Red Lion ya Renton. Biashara za jirani zikalalamika, simu za polisi na zimamoto zikaongezeka, na Desemba mwaka huohuo baraza la Renton likapitisha kanuni ya kupunguza idadi ya watu pale na kuweka mwisho wa matumizi hayo.

Bunge la jimbo likajibu kwa muswada 1220, uliokuwa sheria mwaka 2021. Sentensi ya kwanza ni kali: jiji haliwezi kupiga marufuku nyumba za kudumu zenye huduma katika ukanda wowote ambako nyumba za kuishi au hoteli zinaruhusiwa. Mtu akisoma hapo hufunga karatasi na kushangilia. Asifunge. Mbele kidogo sheria hiyohiyo inaliruhusu jiji kuweka masharti ya busara kuhusu idadi ya wakazi, umbali kati ya majengo na ukubwa wa matumizi, kwa ajili ya afya na usalama wa umma. Kisha inaongeza kizuizi: masharti hayo yasizuie kupatikana kwa nyumba za kutosha kwa mahitaji ya jiji hilo.

Akufukuzaye hakwambii toka. Tangu sheria hii ipite, sijasikia diwani akisema "hatuwataki". Nasikia "tunaunga mkono makazi, lakini yawe mbali na shule, mbali na bustani, mbali na kituo kingine cha aina hiyo, yasizidi idadi fulani ya watu, na yawe na mlinzi usiku kucha." Kila sharti peke yake lina maana. Yakifungwa pamoja, hakuna hoteli hata moja inayopita.

Utajuaje? Chukua ramani ya mji wako, ile ya kuchapisha nyumbani inatosha. Weka alama kwenye kila shule, kila bustani na kila hoteli. Pima umbali uliotajwa kwenye kanuni kwa kipimo cha ramani, halafu chora duara kuzunguka kila shule na kila bustani. Hesabu hoteli zilizobaki nje ya maduara. Mimi nilifanya hivyo mezani na binti yangu wa darasa la saba, kwa bikari yake ya shule. Tulibaki na hoteli moja, nayo iko kando ya barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Karatasi ile ilisema zaidi ya hotuba zote za jioni ile.

Hatua ya 3: Ipate karatasi kabla ya kikao

Ajenda huwekwa kwenye tovuti ya jiji siku chache kabla. Usiishie kwenye kichwa cha habari, fungua kabrasha lote na utafute taarifa ya wataalamu wa mipango miji. Angalia pia ile orodha ya mambo yanayopitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa sababu mkataba au marekebisho madogo ya kanuni huweza kuwekwa humo.

Kitu kimoja huwashtua watu: sitisho la muda. Baraza linaweza kusimamisha vibali vya aina fulani usiku uleule, bila kusikiliza umma kwanza. Lakini sheria inalitaka lifanye kikao cha kusikiliza wananchi ndani ya siku 60, na sitisho lenyewe kwa kawaida halizidi miezi sita, au mwaka mmoja kama kuna mpango kazi, ingawa linaweza kuongezwa muda. Kwa hiyo ukisikia "tayari limeshapita", bado una nafasi.

Ukitaka barua pepe za meya na kaunti kuhusu hoteli hiyo, andika ombi la kumbukumbu za umma kwa karani wa jiji. Lazima ujibiwe ndani ya siku 5 za kazi. Jibu linaweza kuwa "tunahitaji muda zaidi", lakini ni jibu, na lina tarehe.

Hatua ya 4: Lisikilize jiji pia

Msinirukie. Kuna malalamiko ya jiji ambayo ni ya haki. Hoteli ikinunuliwa na serikali, kodi ya majengo na kodi ya wageni wa kulala hukauka, huku simu za dharura zikiendelea kupigwa. Na mara nyingi jiji hupata habari za ununuzi mwishoni kabisa, wakati mazungumzo na mwenye hoteli yamekwisha. Hata mimi ningekasirika.

Pesa nazo zina historia. Mwaka 2020 jimbo liliruhusu mabaraza kutoza, bila kura ya wananchi, kodi ya mauzo ya asilimia 0.1, yaani senti kumi kwa kila dola mia, kwa ajili ya makazi. Kaunti ikaichukua. Lakini Renton, Kent, Bellevue na miji mingine kadhaa iliitangulia kaunti, ikaipitisha yenyewe ili fedha zibaki mikononi mwao. Mji wako ukiwa mmojawapo, swali la kuuliza kikaoni ni moja: hizo zetu zimejenga nini?

Vibali vya ujenzi ni suala jingine, sheria ya 2021 haikuvifuta. Hoteli na nyumba za kupanga ni madaraja mawili tofauti katika kanuni za majengo, kwa hiyo mabomba ya kuzima moto, njia za kutokea na umeme hukaguliwa upya. Ucheleweshaji mwingi hutokea hapa, na si kila ucheleweshaji ni hila.

Hatua ya 5: Dakika zako tatu

Mara ya kwanza nilisimama mbele ya baraza, nina dakika tatu za kusema na taa ya kuhesabu muda, nikaanza kama tulivyofundwa: Mheshimiwa Meya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini mliopo, mabibi na mabwana. Nikashukuru kwa nafasi. Nikaeleza nimetoka wapi. Taa ikawa ya njano. Nikaanza kuingia kwenye hoja, ikawa nyekundu. Nilirudi kitini sijasema hata jina la hoteli.

Sasa naanza hivi: "Naomba mfute sharti la umbali katika kifungu hiki, kwa sababu hii." Ombi kwanza, sababu baadaye, salamu nyumbani. Tangu 2022 sheria ya jimbo inalazimisha mabaraza kupokea maoni ya umma, kwa mdomo au maandishi, kabla ya kufanya uamuzi wa mwisho katika kikao cha kawaida. Ukihitaji mkalimani, mwandikie karani siku kadhaa kabla, usisubiri mlangoni.

Tahadhari moja. Kama suala ni kibali cha jengo mahususi na baraza linakaa kama hakimu, madiwani hawaruhusiwi kuzungumza nawe pembeni. Kumvizia diwani pale dukani kunaweza kumfanya ajitoe kwenye kura, pengine ni yule aliyekuwa upande wako. Kama ni kanuni ya jumla, zungumza naye upendavyo.

Hatua ya 6: Wakishapiga kura

Mpango ukizuiwa, njia zipo mbili kuu: sheria ya 2021 yenyewe, na sheria ya shirikisho ya haki katika makazi, inayowalinda watu wenye ulemavu tangu marekebisho ya 1988. Jimbo hili lina kesi yake maarufu. Jiji la Edmonds lilijaribu kuiondoa nyumba ya Oxford House ya watu wanaopona ulevi na dawa za kulevya, kwa kanuni iliyosema watu wasio ndugu wasizidi watano katika nyumba moja. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kanuni ya namna hiyo haiepuki sheria ya haki katika makazi. Kazi ya kushtaki waachieni mawakili. Yenu ni kuhakikisha yaliyosemwa kikaoni yamo kwenye kumbukumbu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa watoto watatu, SeaTac:* Mwanangu, umeongea vizuri, lakini hoteli yenyewe iko njia ya shule. Mimi si mbaguzi, nina watoto.

Shikamoo mama. Hofu yako haina ubaya, ila igeuze iwe swali. Uliza: usiku kuna wafanyakazi wangapi zamu? Namba ya simu ya jirani anayetaka kulalamika ni ipi, na inapokelewa saa ngapi? Mchunguze mwendeshaji kuliko jengo. Seattle kuna jengo la 1811 Eastlake, vyumba 75, lililofunguliwa 2005 kwa walevi sugu. Majirani walilipinga hadi mahakamani. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha gharama za umma kwa kila mkazi zilishuka kutoka kama dola 4,066 kwa mwezi hadi 958 baada ya mwaka, na unywaji ukapungua. Hiyo haimaanishi kila mahali patakuwa hivyo. Ndiyo maana nasema uliza.

*Kaka wa Kent:* Kesi yangu ya hifadhi haijaisha. Nikisimama kuongea sitajiletea balaa?

Ndugu yangu, kikao ni wazi kwa kila mtu, na huwezi kulazimishwa kuandika jina ili uingie. Ukitaka kuongea, karani anaweza kukuuliza jina na mji. Hakuna anayeuliza karatasi za uhamiaji. Lakini video hurekodiwa na kubaki mtandaoni, kwa hiyo kama hutaki sura yako ionekane, tuma maoni kwa maandishi. Kuhusu kesi yako, muulize wakili wako kwanza.

*Dada anayesafisha vyumba hotelini:* Hakuna aliyetutaja sisi. Hoteli ikiuzwa kazi inakwenda wapi?

Dada, umenikamata. Sheria niliyoieleza haigusi ajira zenu kabisa, na sikumbuki kikao ambapo mfanyakazi wa hoteli alisimama. Mwendeshaji mpya huhitaji watu wa mapokezi na usafi, lakini hiyo si ahadi. Nenda na wenzako, hata watatu, mwombe baraza liandike kwenye makubaliano na kaunti kwamba waliokuwepo wafikiriwe kwanza. Hilo ni sharti ambalo hata mimi ningelipigia makofi.

*Mjomba kutoka Goma, sasa Tukwila:* Wale wa mahema ya Econo Lodge, kama ingefunguliwa kwa mpango huu wangeingia?

Mjomba, wengi wao pengine hapana. Mpango wa kaunti unalenga watu wa kipato cha chini sana waliokaa bila nyumba muda mrefu au walio karibu kufika huko. Kwa ufafanuzi wa shirikisho, muda mrefu ni miezi 12, au mara nne ndani ya miaka mitatu zikijumlisha miezi 12, pamoja na ulemavu. Mtu aliyeshuka ndege mwezi uliopita hayumo. Na hakuna anayeingia kwa kugonga mlango wa hoteli. Majina hupitia mfumo mmoja wa kaunti. Ukiwa na mtu wa hivyo, mpigie 2-1-1, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye huduma za msaada, sema "Swahili", usubiri mkalimani. Simu inaweza kukaa kimya dakika kadhaa. Usikate.