Mikoko, yangeyange na mbuyu: kupaka rangi za maji miti na viumbe wa Mombasa

Wengi wanaoanza kuchora wanyama hukimbilia simba na tembo, tena wa kwenye picha za simu. Mkazi wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali hivyo. Maji yakipwa hori ya Tudor, ule mkono wa bahari, kunguru wakishuka jalalani, kima wakipita juu ya paa Nyali, iko kazi ya mwaka mzima kwa nauli ya matatu moja. Raha yake huja ukikaa mbele ya kitu kimoja muda wa kutosha, hadi ujue ni nini ndani yake unachotaka wewe kukionyesha. Tunafundisha hapa rangi za maji kwa sababu zinabebeka, hukauka upesi na hazihitaji tapentaini.

Vifaa

Pesa nyingi ziende kwenye karatasi. Nunua ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa A4. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 hujikunja mara inapolowa, rangi hukusanyika mabondeni, na mtu akadhani hajui kupaka ilhali kosa ni la karatasi. Rangi sita zatosha: manjano ya limau, okra (manjano ya udongo), nyekundu inayoelekea waridi, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), altramarini (bluu nzito inayoelekea zambarau) na bluu ya thalo (bluu kali inayoelekea kijani). Nyeusi iache dukani. Altramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa nzito hutoa giza zuri kuliko nyeusi yoyote ya bomba, na ukizidisha maji unapata kijivu cha wingu la masika.

Brashi ni tatu: ya mviringo namba 4, ya mviringo namba 10 na bapa ya inchi moja. Ongeza penseli za HB na 2B, selotepu ya karatasi, ubao, sahani nyeupe ya kuchanganyia, kitambaa cha pamba kilichochakaa, na makopo mawili ya nusu lita, moja la kuoshea brashi na jingine la maji safi.

Maji yenyewe yana neno hapa kwetu. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na chumvi huvuta unyevu: rangi hukauka kwa mabaka na karatasi hubaki na ubichi. Beba maji ya kunywa, na usichote ya baharini.

Saa na maji

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko juu sana mwaka mzima. Vivuli hujificha chini ya vitu na miti huonekana bapa. Mwanga mzuri ni wa kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri.

Kwa mikoko, tazama mwezi kabla ya saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali na kwa kawaida hufika chini kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mizizi yote iko wazi na kaa wako nje ya mashimo. Siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na asubuhi hiyo hiyo utakuta mizizi imefunikwa. Basi chagua bamvua, fika saa mbili na nusu maji yakiwa yanapwa na vivuli bado virefu. Ukishuka topeni, kumbuka kuwa maji ya bamvua hujaa kwa kasi: mkondo mdogo uliouruka ukienda unaweza kuukuta kiunoni ukirudi.

Mikoko

Kwanza jua unachora mti gani. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka shinani na kutua topeni. Mchu hauna mizizi ya namna hiyo. Umezungukwa na vijiti vilivyochomoza wima, unene wa penseli, na jani lake lina rangi ya fedha upande wa chini. Mlilana, unaopenda kusimama mbele kabisa kuelekea majini, una vijiti vinene vilivyochongoka. Ukiichanganya mitatu hii ovyo, mvuvi wa Jomvu ataona kuna kitu hakiko sawa hata asipokitaja.

Kata dirisha la sentimita 6 kwa 8.5 kwenye kadibodi ya boksi la biskuti, funga jicho moja na uchungulie. Vipimo hivyo vina uwiano wa A4, kwa hiyo unachokiona ndani yake kitaenea kwenye karatasi. Tafuta mahali penye giza na mwanga vilivyokaribiana. Halafu chora vijipicha vitatu vya ukubwa wa kiberiti kwa penseli ya 2B, kila kimoja dakika tano, kwa viwango vitatu tu: nyeupe, kijivu na giza. Viweke chini, simama, uvitazame kwa mbali. Kinachosomeka ndicho cha kupaka.

Bandika karatasi ubaoni kwa selotepu pande zote nne na uinue upande wa juu wa ubao kwa sentimita 5 hivi. Chora kwa HB bila kukandamiza: mstari wa maji, ukingo wa kichaka, mizizi minne au mitano mikubwa. Basi.

Tabaka la kwanza ni la mbingu na maji kwa pamoja. Changanya vijiko viwili vya chai vya altramarini yenye chembe ya siena, iwe nyepesi kama chai ya rangi. Changanya ya kutosha mapema, maana ikiisha katikati, ulichokwisha kupaka kitakauka ukitengeneza nyingine na mpaka utabaki hapo. Pitisha brashi bapa toka upande mmoja hadi wa pili, kila mpigo ukilipokea tone lililokusanyika chini ya mpigo uliotangulia. Usirudi juu kurekebisha. Rangi hizi hufifia zikikauka, kwa hiyo zikoleze kidogo kuliko unavyozitaka.

Sasa ngoja. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole. Ukihisi baridi, bado ni mbichi. Kazi nyingi huharibikia hapa. Brashi yenye maji mengi ikigusa karatasi iliyokauka nusu, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjo. Wakati wa kaskazi dakika chache zatosha, lakini masika hewa yenyewe imejaa maji na huenda ukangoja nusu saa au zaidi. Doa likitokea, liache likauke kabisa. Ukilifuata na brashi linakua.

Kichaka kipake kama umbo moja, usihesabu majani. Kijani cha bomba ni kikali mno. Okra na altramarini hutoa kijani kizito cha jani la mkoko lililokomaa. Manjano ya limau na chembe ya bluu ya thalo hutoa kile cha jani linalopenywa na jua. Chembe kweli, kwa sababu thalo humeza kila rangi inayokutana nayo. Anza na kijani cha jua, na kabla hakijakauka gusisha kile kizito upande wa kivuli, viache vikutane vyenyewe. Bakiza matundu matatu au manne ya mbingu ndani ya kichaka.

Mizizi ndiyo tamu yake. Kinachopakwa ni giza lililo katikati ya mizizi. Tandaza kwanza siena na altramarini hafifu eneo lote la mizizi, likauke. Kisha kwa brashi namba 4, na mchanganyiko mzito wa rangi hizo hizo mbili, jaza nafasi kati ya mzizi na mzizi, giza likizidi karibu na shina na kupungua kuelekea nje. Mizizi itajitokeza kwa rangi ile ya kwanza bila kuguswa. Halafu itazame kwa karibu: sehemu inayofunikwa na maji kila siku ina tope na chaza na ni nyeusi, juu yake mzizi ni mkavu, wa kijivu. Ukiuweka mpaka huo kwa usawa kwenye mizizi yote, mtazamaji anajua maji hufika wapi hata kama picha yako haina tone la maji.

Kwa mng'ao wa tope, futa brashi namba 10 kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, ilaze ubavu na uipitishe haraka. Chembechembe za karatasi zitabaki nyeupe, nazo ndizo maji yanayometa.

Rangi zikichafuka, sababu huwa moja kati ya hizi: umechanganya zaidi ya tatu pamoja, umepita mahali pamoja mara nyingi, au maji ya kuoshea yamekuwa machafu. Yabadilishe mara usipoona kitako cha kopo.

Yangeyange

Weupe wa yangeyange ni karatasi yenyewe. Anayebandika rangi nyeupe juu ya picha iliyokwisha hupata ndege wa chokaa. Chora umbo lake tangu mwanzo, kisha paka kilicho nyuma yake, tena kizito kuliko unavyothubutu, ukipita ukingoni kwa ncha ya brashi. Ndege atang'aa kwa sababu ya giza hilo. Ndani yake weka kivuli kimoja tu cha altramarini yenye tone la siena, chepesi sana, chini ya tumbo na upande wa shingo usiopigwa na jua. Kikiwa bado kibichi, gusisha okra kidogo tumboni, kwa kuwa tope lenye jua hurudisha rangi yake juu.

Angalia unamchora yupi. Yangeyange mdogo anayevua horini ana mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za manjano. Yule anayefuata ng'ombe ana mdomo wa manjano na shingo fupi. Jicho liwe la mwisho, na likae karibu kabisa na shina la mdomo. Wengi huliweka nyuma mno, katikati ya kichwa, na ndege akageuka bata.

Kunguru, twiga na mbuyu

Wa kujifunzia kiumbe anayetembea ni kunguru. Asili yake ni Bara Hindi na watu wengi hawampendi, lakini yuko kila mahali na haogopi kutazamwa. Gawa ukurasa nafasi sita. Anza mkao mmoja. Akigeuka, uache ulivyo na uanze wa pili. Akirudi kwenye ule wa kwanza, nawe rudi. Kila mkao uanze na mstari wa mgongo, umbo la yai la mwili, kisha pembe ya mdomo. Manyoya usiyaguse mpaka hayo matatu yakae sawa. Shingo yake ni ya kijivu, na weusi wa bawa juani una bluu: acha altramarini safi ionekane pale mwanga unapogonga.

Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyoko Bamburi, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji hadi mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ukawa mmoja wa michache iliyostahimili. Twiga wa hapo huonekana kwa karibu. Shingo ya twiga ina mifupa saba tu, sawa na yetu, kwa hiyo ichore kwa vipande virefu vinavyopinda kidogo kidogo. Paka mwili mzima rangi ya okra hafifu, weka kivuli, ndipo uongeze mabaka. Ukianza na mabaka, mwili hukosa unene. Mabaka yafuate mzunguko wa mwili na yasongamane kuelekea ukingoni.

Mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, ni ya wasio na haraka. Ganda lake ni kijivu chenye uwaridi: altramarini, siena na chembe ya nyekundu, vikichanganyikia juu ya karatasi iliyolowa badala ya sahanini.

Mkono wako

Ukishaweza kupaka kinachoonekana, anza kuchagua. Jinyime: rangi tatu tu kwa mwezi mzima. Atakayechagua okra, nyekundu na altramarini atakuwa na hori tofauti kabisa na la mwenye manjano ya limau, siena na thalo, ingawa wamekaa jiwe moja. Rudi kwenye mti ule ule wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na nyuma ya kila karatasi andika tarehe, saa, upepo na hali ya maji. Ukizipanga sakafuni utaona unachorudia bila kujua, pengine giza lililo chini ya vitu, pengine nafasi tupu upande wa kulia. Hilo likuze.

Njia nyingine iko kabatini: kanga. Ina mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo linaloizunguka, na jina, yaani maandishi, chini ya mji. Piga mstari sentimita 2 kutoka ukingo wa karatasi pande zote. Mjini weka kiumbe mmoja. Pindoni rudia umbo dogo ulilolikuta pale pale, jani la mchu, gando la kaa, kovu la ganda la mbuyu. Pima kwanza ili umbo ligawanyike sawasawa kila upande, la sivyo pembe zitakukataa. Jina litunge mwenyewe, maneno machache tu, uliandike kwa brashi namba 4 baada ya kila kitu kukauka.

Picha itakayotundikwa iwekewe ukingo wa kadibodi ndani ya fremu ili isiguse kioo, kwa kuwa unyevu wa Pwani huigandisha hapo na kuleta ukungu. Isikae ukutani panapopigwa na jua, kwani nyekundu nyingi hupauka. Sanduku la rangi nalo liache wazi usiku kucha kabla ya kulifunga.