Somo: A, C au E? Herufi ndogo ya kwenye risiti ya EFD

Msimu wa korosho ukifunguliwa Mtwara na Lindi, risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) hutolewa mbio mbio, na herufi iliyo pembeni ya bei haiangaliwi. Iangalieni, jamani. Ndiyo inayoamua VAT yako, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Somo hili ni la waliosajiliwa VAT. Ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja kodi hii.

Hatua ya 1: Taja kitu chenyewe. "Bidhaa mbalimbali" haimsaidii mtu. Andika "korosho ghafi, kilo 500".

Hatua ya 2: Kitafute kwenye jedwali la misamaha la Sheria ya VAT ya mwaka 2014. Kwa bidhaa, jedwali linakwenda na namba za HS, zile za forodha. Korosho yenye ganda ni 0801.31. Ukiikaanga na kuitia chumvi inahamia 2008.19. Mkorosho ni ule ule, lakini ghafi imesamehewa na ya kukaanga inatozwa 18%.

Hatua ya 3: Weka herufi. A ni 18%. C ni kiwango sifuri, hasa mauzo ya nje. E ni msamaha. (B na D wengi wetu hatuzigusi.)

Hapa tutulie kidogo, maana C na E zote mteja anaona kodi ni 0, na wengi huona ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Tuseme umeezeka upya paa la ghala kwa shilingi milioni 1, na fundi aliyesajiliwa akakutoza VAT 180,000. Kama ghala ni la korosho za kukaanga unazosafirisha Dubai, mauzo ni C, na ile 180,000 unaidai irudi kwenye ritani, yaani taarifa ya VAT unayopeleka kila mwezi Mamlaka ya Mapato (TRA). Kama ghala ni la korosho ghafi unazouza humu nchini, mauzo ni E: 180,000 ni gharama yako, hudai kitu. Ukifanya biashara zote mbili, unadai kwa uwiano wa mauzo. Na C ya nje bila nyaraka za forodha haisimami, kwa hiyo zitunze.

Hatua ya 4: Huduma haifuati mzigo. Fuso ikibeba korosho ghafi kutoka Newala hadi Mtwara mjini, korosho ni E lakini nauli ya mzigo ni A. Basi la abiria ni E. Teksi na gari la kukodi ni A.

Hatua ya 5: Kila mstari na herufi yake. Usiifunge risiti nzima kwa herufi moja kwa sababu mteja ni mmoja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nina nyumba Shangani, hapa Mtwara, juu wanakaa wapangaji, chini kuna duka. Kodi ya pango niiweke wapi?*

Marahaba. Nyumba ya kuishi ni E, fremu ya duka ni A. Gawa mikataba miwili, usiandike pango moja la jengo zima.

*Kaka, nina mgahawa Lindi. Samaki nanunua wabichi ufukweni bila VAT, kwa nini sahani nitoze?*

Dada yangu, samaki mbichi amesamehewa, lakini wewe huuzi samaki mbichi. Unauza chakula kilichopikwa, kiti, meza na mhudumu. Hiyo ni A.

*Nimempa mteja risiti ya 1,180,000 kwa E, kumbe ni A. Nikamdai kodi juu yake?*

Bei mliyokubaliana bila kutaja VAT huhesabiwa kuwa VAT imo ndani. Kwa hiyo 180,000 inatoka kwenye hiyo hiyo 1,180,000, na wewe unabaki na milioni 1. Akikubali kuongeza, sawa, ila humlazimishi. Risiti usiichane, taarifa zake zimeshafika TRA. Toa hati ya kurekebisha na risiti mpya yenye A, kisha iingize kwenye ritani ya mwezi huo isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mteja akiwa amesajiliwa VAT, risiti hiyo mpya anaihitaji: kwa ile ya E hawezi kudai kodi.